Bodi Zake, Ukuta Wangu

Kishindo kilisikika saa saba usiku, kutoka sebuleni. Mume wangu aliruka kitandani akidhani tumeingiliwa na wezi. Mimi, nikiwa na ujauzito wa miezi sita, wala sikuinuka. Nilijua ni nini. Ile bodi yake ya kuteleza mawimbini, ndefu ya futi 9, ambayo kwa miezi minane ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa ahadi ya “kesho nitaitafutia mahali”, hatimaye ilikuwa imeteleza kwenye vigae na kwenda chini.

Iliangukia wapi? Pale pale kwenye mkeka nilipokuwa nimekaa saa tatu usiku huo huo, nikikunja vinguo vya mtoto ambaye hata hajazaliwa. Jamani!

Asubuhi, kabla hata ya chai, nilitoa tamko: “Kwenye nyumba hii, ama bodi ama mimi.” Nilijiandaa kwa vita. Mwenzangu akafunga kamba za viatu taratibu, akasema, “Sawa. Nitaziuza.” Akaenda kazini.

Nilikuwa nimeshinda. Lakini mpenzi msomaji, ushindi ule ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Makala hii inahusu kilichofuata: mbao mbili, mipini mitatu ya jembe, na ukuta mmoja ambao mimi sikutaka kuutoa.

MGENI WA FUTI TISA

Kwanza nikuelezee tatizo lenyewe. Mume wangu ni mhasibu. Wiki nzima anavaa tai na kukaa mbele ya kompyuta. Lakini upepo wa kusi ukishaanza, hasa kati ya Juni na Septemba, utamkuta Jumamosi alfajiri Coco Beach, ndani ya maji, akisubiri wimbi. Alianza kwa kuazima bodi ya rafiki yake wa kazini. Akanunua yake. Kisha ya pili. Nilipoolewa, nilimkuta na tatu: ile ndefu ya futi 9, ya sponji laini ya futi 8 ya kujifunzia, na fupi nene ya futi 6.

Sasa weka hizo tatu kwenye fleti ya vyumba viwili. Haziingii chini ya kitanda. Haziingii kabatini. Ukiziacha barazani, jua linaziua na wajanja wanazibeba. Na wala si suala la uzito. Ile ndefu ina kilo kama saba, fupi kama tatu, na zote tatu hazifiki kilo 20. Shida ni urefu na ulaini wake. Ndani ni povu gumu, nje ni utando mwembamba wa nyuzi za kioo uliogandishwa kwa gundi maalumu. Ukiigonga ncha kwenye kigae, inapasuka. Ikipasuka, maji ya chumvi yanaingia kwenye povu na bodi inaanza kuoza polepole. Ukiiacha kwenye gari lililofungwa juani, hewa ya ndani inapanuka, utando unabanduka na kuvimba kama malengelenge.

Kwa hiyo bodi inataka vitu vitatu tu: kivuli, kulala bila kubanwa, na mahali isipoweza kuanguka. Ukifikiria vizuri, hata sisi binadamu hatudai zaidi ya hapo.

NILIHESABU KUTA

Siku mbili baada ya tamko langu, alikuja mtu kuangalia ile ndefu. Mume wangu aliifuta kwa kanga kuukuu, akaigeuza upande huu na huu, akaeleza kila mkwaruzo bila kuficha. Hakukasirika. Hakuninunia. Na hicho ndicho kilichonitia wasiwasi. Mwanaume anayegombana bado anadai kitu. Anayesema “sawa” juu ya kitu anachokipenda ameanza kuhama kidogo kidogo, hata kama viatu vyake bado vipo mlangoni.

Yule mteja alisema atarudi mwisho wa mwezi. Usiku ule, mwenzangu akiwa amelala, nilikaa sebuleni nikafanya kitu cha ajabu. Nilihesabu kuta.

Ukuta wa dirishani: mapazia niliyochagua mimi. Ukuta wa TV: kabati la vyombo alilonipa mama yangu siku ya ndoa, vikombe ambavyo hatunywei. Ukuta wa kulia: picha za ukoo wangu, cheti changu cha chuo, vikapu vyangu kutoka Iringa. Ukuta wa nne, mrefu wa futi 12, una kabati fupi la vitabu vyangu na juu yake hakuna kitu, kwa sababu nilikuwa nauhifadhi kwa ajili ya kioo kikubwa nitakachonunua “siku moja”. Chumbani, makabati mawili yangu, nusu la kwake.

Katika nyumba nzima, ambayo kodi yake tunachangia nusu kwa nusu, mume wangu alikuwa na msumari mmoja nyuma ya mlango. Alitundika kofia yake hapo.

Nilikuwa nasema bodi zake zimejaza nyumba. Ukweli ni kwamba zilijaa njiani kwa sababu hazikuwa na kwao. Asubuhi nikamwambia, “Usiuze. Tafuta futi ya kupimia.”

KABLA YA MSUMENO, MDOMO

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunadhani tukinunua kitu au tukiita fundi, ugomvi umekwisha. Jumapili ile tulipanda kwenye kiti, yeye kashika ncha moja ya futi, mimi nyingine, na tukiwa hivyo ndiyo maneno yakatoka.

Mimi nilisema ukweli wangu: siogopi bodi, naogopa Jumamosi. Nilijiona nimekaa peke yangu na mtoto anayelia, huku baba yake yuko kwenye maji. Yeye akasema ukweli wake: alikubali kuuza haraka kwa sababu alishaamini mtoto akizaliwa yale maisha yake yamekufa, basi afadhali ayazike mwenyewe mapema. Tulikaa kimya kidogo, futi ikining’inia katikati yetu.

Mapatano yetu yalikuwa matatu, na nakushauri nawe uyaandike.

La kwanza: kichanja kitakuwa na nafasi tatu. Si nne. Bodi mpya ikitaka kuingia, ya zamani itoke kwanza.

La pili: Jumamosi asubuhi ni ya bahari, Jumapili mchana ni yangu. Yeye anabaki na mtoto, mimi naenda saluni, kwa mashoga zangu, au kulala tu kwa dada yangu nikitaka.

La tatu lilitokana na ugomvi wa zamani. Nilikuwa nalalamika: “Ulisema utarudi saa nne, umerudi saa sita!” Kumbe bahari haina saa ya ofisi. Maji kujaa na kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa nzuri ya Jumamosi hii siyo ya Jumamosi ijayo. Tukakubaliana jedwali la maji litundikwe kando ya kichanja, na saa ya kurudi iandikwe kwa kalamu tangu Ijumaa jioni.

FUNDI NA MIPINI YA JEMBE

Tulimwendea fundi seremala mmoja Keko, mtaa ambao wakazi wa Dar wanaujua kwa fenicha. Tulipomwonyesha mchoro alituangalia, akaniuliza, “Dada, hiki ni kichanja cha vyombo?” Nikamwambia ni cha kulazia bodi za baharini. Akacheka mpaka akaweka randa chini. Lakini ndiye aliyetupa wazo bora kuliko yote. Sisi tulitaka mikono ya kichanja ichongwe kwa mninga. Yeye akasema, “Mnapoteza hela. Nunueni mipini ya jembe. Ni migumu, ya mviringo, imeshalainishwa, na imezaliwa kwa kubeba.”

Hivi ndivyo tulivyofanya. Ukiwa na msumeno, drili na rafiki mvumilivu, unaweza kuifanya kazi hii mwenyewe kwa wikiendi moja.

Vifaa: mbao mbili za paini za mbili kwa nne, kila moja futi 4, zilizokauka, zilizonyooka na kutiwa dawa ya mchwa. Mipini mitatu ya jembe. Gundi ya mbao. Msasa mkavu na laini. Vanishi. Skrubu nane za inchi 5 zisizoshika kutu, na plagi zake za plastiki za kuingiza ukutani. Kipande cha zulia kuukuu. Pima maji.

1. Pima nguzo. Kwenye upande mpana wa kila ubao, weka alama tatu katikati: inchi 6 kutoka chini, kisha inchi 14 juu yake, kisha inchi 14 tena. Kwa nini 14? Bodi ndefu ina unene wa kama inchi 3, na pezi lake la nyuma linaweza kufika inchi 9. Ukibana nafasi, kila ukiitoa bodi utakwaruza iliyo juu yake.

2. Toboa kwa mwinamo. Tundu lisiwe la kunyooka, maana bodi itateleza na kuanguka. Mkono uinuke inchi 1 kwa kila inchi 4 zinazoenda mbele. Fundi alikata pembe hiyo kwenye kipande cha boksi, akakiegemeza kando ya drili kila alipotoboa, na matundu yote sita yakafanana. Ukilipuliza moja tu, bodi italala upande.

3. Kata mikono. Kila mpini ulitupa mikono miwili, ambayo ikishaingia kwenye ubao inatokeza inchi 18. Pitisha mkono mpaka utokee nyuma ya ubao, ukiwa umeupasua ncha kidogo kwa msumeno. Paka gundi, kisha gongea kabari ndogo kwenye ule mpasuko. Mkono unabanwa kama mpini unavyobanwa kwenye nyundo. Ikikauka, kata kinachozidi nyuma ili ubao ukae bapa ukutani.

4. Lainisha na kupaka. Msasa mkavu, msasa laini, kisha mikono miwili ya vanishi. Kwetu pwani hewa yenyewe ina chumvi, na mbao tupu haidumu.

5. Visha mikono. Zungushia zulia kwenye kila mkono, gundi na misumari midogo kwa upande wa chini tu, ili kichwa cha msumari kisiguse bodi. Mume wangu alianza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Usithubutu. Unaacha weusi kwenye bodi na kwenye vidole vya kila mgeni.

6. Funga ukutani. Nguzo zetu zimeachana inchi 32, katikati kwa katikati, na hiyo inatosha bodi ya futi 6 mpaka 9. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya saruji yaliyopigwa plasta, na plasta haibebi kitu. Ndiyo maana skrubu ni ya inchi 5: mbili zinabaki kwenye ubao, karibu nusu inaliwa na plasta, zinazobaki zinashika tofali. Kila nguzo ilipata skrubu nne: mbili juu, moja katikati, moja chini. Juu ndiko zinakohitajika zaidi, kwa sababu mzigo unaotokeza mbele huivuta sehemu ya juu itoke ukutani. Nguzo ya pili usiifunge kwa macho. Weka ubao mrefu juu ya mikono ya chini, pima maji juu yake, kisha ndiyo utoboe.

7. Jaribu kabla ya kuamini. Fundi alitundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, yaani kilo 20, kwenye mkono mmoja mmoja, akaenda kunywa chai. Ndoo ilibaki palepale. Ndipo bodi zikapanda, nzito chini, nyepesi juu.

MAHALI NDIYO KILA KITU

Usiweke kichanja juu ya kitanda, juu ya kochi wala kwenye njia ya mtoto, hata kama fundi wako ni bingwa. Chetu kiko juu ya lile kabati fupi la vitabu. Mguu wa nguzo uko futi 4 kutoka sakafuni, na kwa kuwa kabati limekaa chini yake, hakuna anayepita pale na kugonga kichwa. Kiko pia mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri.

Kama wewe na mwenzako mnateleza kwa kaiti, kama vijana wengi wa Paje, Diani na Watamu, bodi zenu ni fupi, nyingi hazifiki hata futi 5. Sogeza nguzo zikaribiane, inchi 20 zinatosha, na mikono iwe mifupi.

Na kama mmepanga? Kabla ya kutoboa, piga simu kwa mwenye nyumba. Sisi tulimweleza tukiwa na mchoro mkononi, tukaahidi kuziba matundu na kupaka rangi tukihama. Alikubali. Angekataa, fundi alikuwa na njia nyingine: unganisha zile nguzo na miguu mirefu ya nyuma zisimame zenyewe kama ngazi ya kufungua, kisha weka gunia dogo la mchanga chini ya miguu. Inakula nafasi zaidi, ila haitobai ukuta wa mtu.

MAMBO MATANO YA KUMKUMBUSHA MWENYE BODI

* Suuza bodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla haijaingia ndani, na uifute. Mchanga ubaki nje. (Hili bado tunalijadili nyumbani kwetu.)
* Kamba ya mguuni usiiviringishe kwa kuibana, itashika mikunjo. Itundike wima.
* Nta iliyo juu ya bodi huyeyuka kwa joto. Ilaze upande wa nta ukitazama juu, la sivyo zulia lote litakuwa na gundi.
* Bodi yenye ufa isirudi majini mpaka ikauke kabisa na kuzibwa.
* Mara moja kila miezi mitatu, tikisa nguzo kwa mkono. Skrubu ikilegea, kaza siku hiyo hiyo.

UNAJUA?

Kichanja cha mbao si kitu kigeni kwa bodi, maana bodi zenyewe zilianza kama mbao. Wenyeji wa Hawaii walizichonga kutoka kwenye miti mizima kwa vizazi vingi. Mwogeleaji wao, Duke Kahanamoku, aliyechukua dhahabu kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ndiye aliyeutembeza mchezo huu, na mwishoni mwa 1914 aliuonyesha Australia kwa bodi aliyoichonga huko huko. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja mchezo wenyewe kuingia Olimpiki, kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mwaka 2024, wakati wa michezo ya Paris, mashindano yake yalifanyika mbali kabisa na Ufaransa, kwenye mawimbi ya Teahupo’o, kisiwani Tahiti.

MIAKA MINNE BAADAYE

Sitakudanganya kwamba kichanja kilitibu ndoa. Kuna Jumamosi moja, mtoto akiwa na miezi mitatu, jedwali lilisema saa nne na mwenzangu akaingia saa nane. Aliporudi alikuta nimeanika nepi kwenye mikono yote sita. Alisimama na bodi mabegani, maji yakimchuruzika, hana pa kuiweka. Hatukusemeshana mpaka jioni. Lakini alizianua mwenyewe, moja moja, akazikunja. Na tangu siku hiyo, akichelewa anapiga simu kutoka kwa muuza mihogo.

Mwaka jana alitamani bodi ya nne. Nilimwona amesimama mbele ya kichanja, kidole kinahesabu mikono: mbili, nne, sita. Akahesabu tena kana kwamba itaongezeka. Kisha akaiuza ile fupi kwanza. Mimi sikusema neno. Mbao zilisema.

Binti yetu ana miaka minne sasa. Akisikia mtu anamtafuta baba yake, haulizi mtu. Anakuja sebuleni, anatazama mikono ya chini. Ikiwa mitupu anajibu, “Baba yuko baharini.” Ikiwa imejaa anaita, “Babaa!”

Kile kioo kikubwa sikukinunua. Kuna siku nakikumbuka. Halafu Jumapili mchana inafika, nachukua mkoba wangu, nawaacha wao wawili sakafuni na rangi zao, naondoka bila kuaga mara mbili.

Leo ukirudi nyumbani, usianze na bodi, wala gitaa, wala cherehani, wala baiskeli ya mwenzako inayokukera pale koridoni. Simama katikati ya sebule, uhesabu kuta. Kisha ujiulize: ya kwake ni ipi?